Mkanda wa Inchi Ishirini na Tano

Sindano alikuwa ameshakaa, ameshavuta gauni lake lisibanwe na mlango, na ameshamtupia Fundi Saa lile jicho lake la kuibia, ndipo alipovuta mkanda wa kiti na mkanda ukakataa kufika.

Akauvuta tena. Wapi! Ulibaki shubiri nzima.

"Subiri nikurekebishie," alisema Fundi Saa kwa haraka, na yeye si mtu wa haraka na jambo lolote hapa duniani.

"Acha," Sindano alimzuia mkono. "Usiuguse."

Sasa ili uelewe kwa nini mwanamke mzima alikodolea macho mkanda wa gari kana kwamba umemtukana, lazima uijue pikapu yenyewe. Ilikuwa kongwe kuwashinda wote wawili kwa umri. Fundi Saa, ambaye mji mzima ulimpelekea saa zake zilizosimama, aliikuta nyuma ya ghala moja, kuku wamelala ndani ya boneti, akaikokota hadi nyumbani na kuishughulikia miaka miwili, skrubu moja baada ya nyingine. Alipaka rangi ya maziwa juu na kijani chini. Breki za mbele aliweka za diski, kwa sababu zile za zamani zilikuwa zinavuta gari upande mmoja. Aliongeza kioo cha pembeni, akaongeza taa za tahadhari, na nyuma kwenye bodi aliweka viroba vinne vya mchanga, maana pikapu tupu ikinyeshewa huwa inacheza makalio barabarani. Na kwa kuwa gari lile lilitengenezwa enzi ambazo watu hawakujali, alifunga mikanda mitatu kwenye kile kiti kimoja kirefu.

Mikanda yenyewe ilikuwa ya kukaza kwa mkono. Ukishaikaza kwa mwili wako inabaki hivyo hivyo, mpaka aje mtu mwingine aikaze kwa mwili wake. Jumapili Fundi Saa alimkazia Sindano mkanda wa dirishani kwa mikono yake mwenyewe, na alichelewa kumaliza, na Sindano hakuwa na malalamiko. Leo ilikuwa Jumatano.

"Nani amekaa hapa?" Sindano aliuliza.

"Wapi?"

"Kwenye paa! Hapa, nilipokaa mimi."

Fundi Saa aliwasha gari. Alikanyaga breki mara tatu kama kawaida yake, akatazama kioo cha kushoto, akatazama cha kulia, akaingia barabarani taratibu.

"Nilimpa mtu lifti," alisema.

"Mtu gani?"

"Mtu tu."

"Mtu tu ana kiuno cha inchi ishirini na tano?"

Mkanda ule hauzunguki mwili mzima, lakini Sindano alikuwa fundi cherehani. Mwonyeshe nusu ya mtu, atakutajia mtu mzima. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke wa kujaza kiti, na hakuwahi kulionea haya jambo hilo, ila mchana ule aliyaona mapaja yake kama yamemsaliti.

"Jana nilipita kwenye kibanda chako," aliendelea. "Kimefungwa. Nikakuuliza, ukasema ulikuwa na shughuli. Shughuli ndiyo hii?"

"Sindano, tafadhali."

"Nitajie jina lake nikae kimya."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nimeahidi," Fundi Saa alisema, macho mbele, mikono miwili kwenye usukani. "Nilimwahidi mtu. Nikivunja ahadi yake leo, na wewe kesho utaniaminije?"

Jamani, katika majibu yote aliyoweza kutoa! Angesema ni abiria wa njiani, Sindano angenuna hadi jioni, kisha yakaisha. Lakini ahadi? Mwanamume ana ahadi na kiuno cha inchi ishirini na tano, na Jumamosi wazee wake wanakuja kwa kina Sindano kuzungumza habari za ndoa! Damu ilimpanda hadi masikioni.

"Nishushe."

"Tunakwenda kuchukua kitambaa chako."

"Nishushe nimesema, ama nitaruka!"

Mwanamume mwingine angefunga breki za ghafla katikati ya barabara. Fundi Saa aliwasha indiketa, akatazama kioo, akampisha mwendesha baiskeli, akaegesha mbali kabisa na lami na kuwasha taa za tahadhari. Hasira ya Sindano ilingoja yote hayo yaishe, na ikazidi kuiva.

"Hata kugombana huwezi bila indiketa!" alifoka, akaubamiza mlango.

"Angalia nyuma kabla ya kuvuka," Fundi Saa alimwambia dirishani.

Sindano aliangalia nyuma, akavuka, na akamchukia kwa kuwa amemtii.

Aliporudi kwenye chumba chake cha kushonea alifungua daftari la vipimo. Alipitisha kidole ukurasa kwa ukurasa: mke wa mchungaji, thelathini na nane, mwalimu mkuu, arobaini na mbili, bibi harusi wa mwezi uliopita, ishirini na tisa. Kwenye ishirini na tano kulikuwa na jina moja peke yake. Nyigu.

Nyigu alikuwa na duka la vipuri. Watu walimpa jina hilo kwa kiuno chake, na Sindano ndiye aliyemshonea gauni la kukionyesha. Nyigu huyohuyo ndiye aliyemtafutia Fundi Saa zile breki za diski kwa miezi mitano, simu huku na huku, "Kaka, zimepatikana," "Kaka, njoo uzione." Kaka! Sindano aliona kila kitu kikijipanga chenyewe. Alitia futi yake mfukoni na kutoka bila kufunga mlango.

Dukani kulikuwa na madereva wawili wanachagua chujio la mafuta. Nyigu alikuwa nyuma ya kaunta, kalamu sikioni.

"Karibu, shoga! Za tangu siku ile?"

"Toka nje ya kaunta."

"Kuna nini?"

"Toka, nikupime."

"Gauni si ulishanipa?"

"Gauni nilikupa," Sindano alisema, sauti imeshapanda. "Mchumba sikukupa. Mkanda wa gari lake umekazwa kwa ishirini na tano, kipimo chako! Stuli zote za duka hili hazikukutosha mpaka ukakae kwenye kiti changu?"

Dereva mmoja alirudisha chujio kaunta polepole. Mwenzake aliegemea rafu, akakaa mkao wa kusikiliza.

Nyigu alimtazama Sindano kutoka kichwani hadi miguuni. Angeweza kumfukuza, na lilikuwa duka lake. Badala yake alizunguka kaunta, akasimama katikati na kunyanyua mikono juu.

"Pima," alisema. "Pima, na hawa waone."

Sindano alimzungushia futi. Akatazama. Akairudisha nyuma, akapima tena.

"Soma kwa sauti, dada. Si umekuja na sauti?"

"Thelathini," Sindano alinong'ona.

"Hawajasikia."

"Thelathini!"

"Tangu uliponipima nimeacha kukimbia asubuhi na nimeanza kula," alisema Nyigu, akishusha mikono. "Kama kuna mtu mjini hapa wa ishirini na tano, na mimi namtafuta, anipe siri yake."

Madereva walicheka hadi wakashikana mabega. Sindano alitamani sakafu ipasuke immeze, yeye na futi yake. Nyigu alicheka nao kidogo, kisha akaacha, akamshika Sindano mkono na kumvuta hadi kwenye kona ya mataili.

"Umenikosea," alisema kwa sauti ya chini. "Tena umenikosea mbele ya wateja wangu. Hilo tutalizungumza siku nyingine. Lakini nitakwambia nilichokiona, maana naona hujui. Jana alisimama hapo nje kununua globu ya taa ya breki. Ndani ya pikapu kulikuwa na mama mmoja, amejifunika mtandio hadi machoni. Mapajani ameshika bahasha kubwa ya kaki, zile za hospitali. Nilimpungia mkono, akageuza uso. Nikadhani ni mama yake Fundi Saa."

"Mama yake alifariki zamani."

"Basi sijui."

"Mtandio wa rangi gani?"

"Bluu. Una nyuzi nyeupe pembeni."

Nyuzi zile nyeupe alizishona Sindano mwenyewe.

Nyumbani alimkuta mama yake ameinamia cherehani yake ya zamani. Mama naye alikuwa fundi, ndiye aliyemfundisha kazi, na nguo zake alijishonea mwenyewe siku zote, magauni mapana yasiyoonyesha kitu. Ndiyo maana katika daftari la Sindano kulikuwa na nusu ya wanawake wa mji, na mama yake mzazi hakuwamo.

Tangu Fundi Saa alete posa, mama alikuwa hamtaji ila kwa jina la "yule mwenye gari bovu." Alisema hawezi kumtoa binti yake kwa mtu anayekesha na vyuma. Kisha wiki tatu zilizopita, bila mtu kujua kimemgusa nini, akasema shingo upande, "Haya, wazee wake waje."

"Mama, unashona nini?"

"Napunguza gauni. Limenipwaya."

"Simama, Mama."

"Una nini wewe?"

"Nakuomba usimame."

Mama alisimama. Labda aliona futi mkononi mwa binti yake, labda alichoka kuficha. Sindano alipitisha futi juu ya kitambaa, akakusanya upana wote ule wa gauni kwa mkono, akavuta. Gauni lilikuja, likaja, likazidi kuja, na ndani yake mama alikuwa mdogo. Hakuhitaji kusoma namba.

"Tangu lini?" aliuliza, na machozi yakamwagika.

"Umeona? Ndiyo haya niliyoyakimbia," mama alisema, akakaa tena. "Ni tumbo. Kuna kivimbe. Daktari anasema hakitishi, ila lazima kitolewe, na nimekaa nacho muda mrefu. Usinitolee macho hivyo, sijafa."

"Na ukamwambia yeye! Mimi nakula nawe sahani moja, ukamwambia yeye!"

"Sikumwambia. Alinikuta kituo cha basi nimejikunja kwa maumivu. Akasimama na taa zake zile za kuwakawaka, akanipandisha, akanifunga mkanda, akanipeleka pole pole, hata shimo moja sikulisikia. Nikamwapisha kwa kaburi la mama yake asikwambie mpaka shughuli ya Jumamosi ipite. Tumekwenda mara nne."

"Kwa nini yeye, Mama?"

"Kwa sababu wewe ungelia, mimi ningekubembeleza, halafu mgonjwa angekuwa nani?"

Sindano hakulala vizuri. Wivu haukuwa umemtoka. Ulikuwa umehama nyumba tu. Mara nne! Mara nne mama yake amekaa kwenye kiti kile, ameumwa kwenye kiti kile, ameogopa, na aliyekuwa pembeni yake ni mtu mwingine. Alimwonea wivu Fundi Saa kwa kumpata mama, akamwonea wivu mama kwa kumpata Fundi Saa, na katikati ya wote wawili yeye alikuwa hayupo.

Saa tatu asubuhi pikapu ilisimama mlangoni. Sindano alitoka kabla haijazimwa.

"Ameniambia," alisema.

"Afadhali." Fundi Saa alishuka. Uso wake ulikuwa umefungwa. "Na mimi nimeambiwa. Madereva wawili wamepita kwenye kibanda changu jana, mmoja baada ya mwingine. Wote wanaijua namba."

"Samahani."

"Kwa nani? Kwa Nyigu au kwangu?"

"Kwenu wote."

"Nilijua toka mwanzo una wivu, na sikuogopa," Fundi Saa alisema. "Lakini nilitunza siri ya mama yako wiki tatu, na wewe hukuweza kutunza wasiwasi wako mchana mmoja. Wazee nimewaambia wasije Jumamosi."

 Sindano alitaka kulia, na hapo hapo akataka kumpiga.

"Sawa," alisema. "Nimekosa, na sina cha kujitetea. Ila na wewe nisikilize. Mama yangu anayeyuka ndani ya gauni, wewe unajua, mimi namgombeza kwa sababu hali chakula changu. Wiki tatu ukinitazama usoni! Ahadi ni ahadi, nimekubali. Lakini uliniachia nimkosee mama yangu kila siku, na hilo nalo halikukuuma?"

 Fundi Saa alitazama chini.

"Liliniuma," alisema.

"Mtamaliza kesho," mama alisema akitoka na bahasha yake. "Daktari hanisubiri mimi."

Mama alikaa dirishani. Sindano alibaki na nafasi ya katikati, bega kwa bega na mwanamume aliyetoka kumwachia Jumamosi yake hewani. Fundi Saa alizunguka gari, akagonga kila tairi kwa kiatu, akaja upande wa mama na kumkazia mkanda kwa upole uleule wa Jumapili, akiuliza, "Unabana, Mama? Na hapa?" Wa Sindano hakuugusa. Sindano alijikazia mwenyewe.

Njia nzima, kila Fundi Saa alipobadilisha gia mkono wake ulimgusa Sindano goti, na kila ulipomgusa alisema, "Samahani," kama anavyomwambia abiria asiyemjua. Ile samahani ilimchoma Sindano kuliko tusi. Na vibaya zaidi, wenzake walikuwa na mazungumzo yao.

"Leo tutalisikia lile shimo letu?" mama aliuliza.

"Nimelisomea ramani," Fundi Saa alijibu, na wote wawili wakacheka.

"Shimo gani?" Sindano aliuliza.

"Lipo moja," mama alisema. "Siku ya pili lilinitoa meno ya bandia."

Wakacheka tena. Sindano hakujua hata kama mama huwa anacheka namna ile. Alikaa baina yao, anabanwa kulia na kushoto, na akajiona mgeni.

Siku nyingine zote Fundi Saa alikuwa akibaki nje kwenye gari. Leo mama alikuwa na mfuko wa nguo, maana angelazwa, basi akaubeba hadi mapokezi. Nesi wa zamu alifungua faili, akavaa miwani.

"Kesho mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji. Nahitaji ndugu wa kutia saini. Wewe ni nani wake?"

"Binti yake," Sindano alisema.

Nesi alipekua karatasi. "Binti? Hapa hakuna binti." Akamgeukia Fundi Saa, aliyesimama hatua mbili nyuma na mfuko mkononi. "Na wewe?"

Fundi Saa alimtazama Sindano. Ilikuwa mara ya kwanza tangu asubuhi amtazame sawasawa, na Sindano akaona jinsi alivyotafuta neno na kulikosa.

"Dereva," alisema.

 Ndivyo mambo yanavyokwisha basi, Sindano alijiambia, kwa neno moja mbele ya nesi.

"Dereva utangoja nje," nesi alisema. "Mimi namtaka huyu aliyeandikwa hapa tangu siku ya kwanza. Ndugu wa karibu: mkwe, fundi saa. Yuko wapi huyo mkwe?"

 Sindano aligeuka kumtazama mama yake. Siku ya kwanza! Siku ya kwanza alikuwa bado anamwita mwenye gari bovu.

"Ndiye huyo," mama alisema, akijitengeneza mtandio bila kumtazama mtu. "Leo anajisahau."

Fundi Saa aliweka mfuko chini. Alitia saini pale alipoonyeshwa, kwa uangalifu uleule anaotumia kwenye skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Nesi alianza kufunga faili.

"Subiri!" Sindano alisema. "Na mimi niandike. Binti. Tena niandike juu yake."

"Nafasi ya juu imeshajaa, dada."

"Basi bana maandishi!"

Fundi Saa aliangua kicheko. Alijaribu kukizuia kwa mkono, kikampita, mpaka wagonjwa kwenye mabenchi wakageuka. Sindano alimtazama kwa hasira, na hasira ikamshinda kuishika, machozi na kicheko vikamtoka pamoja. Nesi alitikisa kichwa, akaandika kwa herufi ndogondogo juu kabisa ya mstari: binti.

Walipompeleka mama wodini na kumlaza, Sindano alitoka kumtafuta Fundi Saa. Alimkuta amesimama kwenye korido, amempa mgongo, simu sikioni, anaongea kwa sauti ya chini. Pale pale ule moto wake ukamwaka kifuani, kana kwamba hakuna alichojifunza.

"Unaongea na nani?" aliuliza.

Fundi Saa aliziba simu kwa kiganja na kumgeukia.

"Wazee," alisema. "Wanauliza Jumamosi waje nyumbani, ama waje hapa hapa hospitali."